Alitoroka na pesa yangu ya mtaji, miaka imepita na bado nataka aanguke

Shati_Moja: Wadau habari. Mimi na jamaa fulani tulikuwa tunauza mitumba Gikomba, tunachanga tunanunua belo, alfajiri tunachagua kamera (zile nguo kali za kwanza), zinazobaki tunamwaga chini bei ya kutupa. 2022 nikamtumia 180,000 kwa M-Pesa tujaze masweta ya baridi ya Julai, akazima simu. Saa hii ana duka Eastleigh, ameweka mpaka taa za rangi. Pesa nilishatafuta zingine, shida ni kila Jumamosi najipata nimeshuka Eastleigh bila shughuli, nasimama ng'ambo ya barabara nahesabu wateja wake, na wakiwa wengi hata chakula hakipiti. Kuna kijana anasema nikimtoa kitu kidogo "atashughulikia" hilo duka. Nishaurini kabla sijamjibu.

Kijana_wa_Kamukunji: Buda choma hiyo kitu. Watu kama hao hawaelewi lugha ingine.

Karani_Mstaafu: Usimskize huyo. Kuchoma jengo la mtu hapa Kenya sheria inaruhusu kifungo cha maisha, na wewe uliyetuma unaingia ndani na uliyemtuma. Nenda Korti ya Madai Madogo pale Milimani, ilianza 2021, inachukua madai hadi milioni moja, sheria inataka kesi iishe kwa siku 60 na si lazima uwe na wakili. Lakini deni la makubaliano ukikaa nalo zaidi ya miaka 6 limekufa, so harakisha.

Shosh_Umoja: Mjukuu wangu, hasira huisha, hicho ni kinyongo. Kwetu wazee wawili walinuniana juu ya mpaka wa shamba hadi wakafa, watoto wakarithi, na leo hakuna hata mmoja anaweza kukuonyesha huo mpaka ulikuwa wapi. Sasa niambie, akikurudishia yote kesho, Jumamosi utaenda Eastleigh ama hutaenda?

Shati_Moja: Shosh, nadhani ningeenda tu. Nataka aniangalie kwa macho aseme alichukua, hata kama ni mbele ya watu watatu.

Karani_Mstaafu: Basi hiyo ndio kazi ya korti, ataitwa ajibu. Meseji za M-Pesa unazo?

Shati_Moja: Simu iliibiwa. Laini ni ile ile.

Karani_Mstaafu: Omba stetimenti kwa *334#, ikigoma ingia duka la Safaricom na kitambulisho.

Kijana_wa_Kamukunji: Haya, ile ya kuchoma sahau. Siku ya kesi tuambie tuje tujaze viti.