Katuni za zamani: zinasahihishwa au zinakamuliwa tu?

Wakuu, nimechoka. Kila mara tunaletewa katuni ileile tuliyoikariri utotoni, na ukihoji unajibiwa kwamba ya zamani imepitwa na wakati, lazima irekebishwe. Irekebishwe nini?

Chukueni The Lion King ya 1994. Mwaka 2019 Disney wenyewe walioitengeneza wakairudia kwa kompyuta karibu tukio kwa tukio. Simba anafiwa na baba yake mbele ya macho yake, uso umetulia tuli kama anasubiri basi! Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Sasa mmejua kilichokuwa kinarekebishwa.

Halafu ipo Song of the South ya 1946, iliyopaka asali maisha ya Weusi kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani. Hiyo hakuna anayeirudia. Imefungiwa kabatini, hata Disney+, huduma yao ya kutazama filamu mtandaoni, haimo. Yaani yenye doa inafichwa, inayopendwa ndiyo inayorudiwa. Halafu mnaniambia ni kusahihisha!

Dumbo, ile ya mtoto wa tembo anayeruka kwa masikio, ndiyo imeniudhi kuliko zote. Ile ya 1941 ina kunguru waliochorwa kwa kuwadhihaki Weusi, na kiongozi wao sauti alipewa na Mzungu, Cliff Edwards. Aibu, sibishi. Lakini hao kunguru ndio waliompa tembo unyoya akathubutu kuruka. Ya 2019 imewaondoa kabisa. Mlishindwa kuwaandika upya kwa heshima? Mtoto akiona hiyo mpya hajui kama kulikuwa na kosa, wala nani alilifanya.

Msimamo wangu: ya zamani iachwe kama ilivyo, na onyo mwanzoni. Disney+ waliongeza makali ya onyo lao 2020, wakakiri kwamba dhihaka zile zilikuwa makosa tangu enzi zile. Mwaka uliofuata Dumbo na Peter Pan ya 1953 zikatolewa kwenye akaunti za watoto wadogo, mkubwa akitaka anaziona. Hapo sina ugomvi nao. Hizo pesa za kurudia wapeni watu wenye hadithi mpya.

Na asije mtu hapa kusema watoto wa siku hizi hawataki michoro ya mkono. Wa kwangu ile ya 1994 anaijua kwa moyo. Ya 2019 hatukufika nusu, akaniuliza: "Kwani huyu simba hana hasira?"