Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kwamba ushairi wa kisasa ulianzia kwao?

Uyole Juu: Wakuu salaam. Nimefungua daftari la mdogo wangu wa kidato cha sita, limeandikwa ushairi wa kisasa ulianza Uingereza, mshairi T. S. Eliot na shairi lake The Waste Land, 1922, nukta. Mimi nilifundishwa Walt Whitman na diwani yake Leaves of Grass, Marekani, 1855. Binamu yangu aliyesoma Burundi anasema Charles Baudelaire na diwani yake Les Fleurs du mal, Ufaransa, 1857. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nyie je?

Mnyalu wa Kilolo: Umenitonesha. Mafinga tulikuwa na mwalimu wa kujitolea Mmarekani, Whitman asubuhi Whitman jioni, akaondoka akaja mwingine aliyesomea Uingereza. Mtihani wa muhula nikajaza Whitman kurasa mbili, nikala sifuri, peni nyekundu kona hadi kona. Nikanyoosha mkono nikasema mwalimu, huyo Eliot mwenyewe kazaliwa St. Louis, Marekani, 1888, uraia wa Uingereza kachukua 1927. Darasa likalipuka. Nikapigishwa magoti nje, mwezi wa saba, baridi ya Mafinga mnaijua, sweta liko darasani. Mama akaitwa, akapanda basi kuja kuomba msamaha kwa kosa ambalo mpaka leo silioni. Nikahama HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) nikaenda HGE (Historia, Jiografia, Uchumi).

Kyela Mpunga: Pole sana dada. Wanaumiza watoto hawa.

Mzee wa Rungwe: Hao wote walikopeshana. Baudelaire alimtafsiri Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani. Jules Laforgue, mshairi wa Kifaransa, akamtafsiri Whitman kwa Kifaransa 1886, Eliot akajifunza kwa Laforgue. Na mshairi Rubén Darío wa Nicaragua, kitabu chake Azul, 1888, mbona hatajwi?

Makambako Stendi: Na sisi tusijisahau, mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, tunafundishwa Mtanzania mwenzetu Kezilahabi, diwani ya Kichomi, 1974, basi, Wakenya hawapo.

Igawilo: Acha hizo, diwani ya Chembe cha Moyo ya Mkenya Alamin Mazrui ni 1988, baada ya Kichomi, hesabu mwenyewe.

Makambako Stendi: Na Mkenya Abdilatif Abdalla, diwani ya Sauti ya Dhiki, 1973, kaandika akiwa gerezani.

Igawilo: Ile ina vina na mizani mkuu.

Makambako Stendi: Kwa hiyo penye vina hapana usasa? Nani kaamua? Hapo ndipo tunapovutia kwetu.

Kyela Mpunga: Dogo aandike Eliot apate maksi, mengine chuoni.

Mnyalu wa Kilolo: Hapana! Ataje wote na miaka yao.

Uyole Juu: Shikamoo mzee wa Rungwe, hiyo ya Laforgue naipata kitabu gani hapa Mbeya? Mtihani wa mkoa unaanza Jumatatu.