Wenye kurasa mnaokata sahihi za wachora katuni, hivi huo mkasi mliuokota wapi?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Huu ni uzi wa malalamiko, anayetafuta maneno matamu apite jukwaa la mahusiano.

Naongea na nyie wenye kurasa za vichekesho hapa Dodoma, pamoja na maadmini wa magrupu ya wapenda anime (katuni za Kijapani), gemu na muvi kuanzia Chimwaga mpaka Nkuhungu. Mnachofanya kwenye katuni za watu ni uhuni. Mtu anaweka katuni yake asubuhi, jioni imeshazagaa magrupu yote, sahihi imekatwa, katikati mmegonga nembo ya ukurasa wenu kama muhuri wa serikali ya mtaa, chini mmeandika "mtag mshikaji wako". Jina la mchoraji halipo. Mkiulizwa: "tumeitoa grupu." Grupu ndilo lililochora?

Kwanza mjue mnachokikata. Katuni ya vipande vinne yenye rangi haitoki kwa kubonyeza kitufe. Inaanza na maneno. Kisha michoro midogo ya majaribio, ili kuona jicho la msomaji litapita wapi na puto la nani, yaani kile kiduara chenye maneno ya mhusika, lisomwe kwanza. Kisha penseli, kisha maneno yanapangwa, ndipo wino, rangi bapa na vivuli. Maneno yanatangulia wino kwa sababu Kiswahili kinakula nafasi: "hawajanirudishia" ni neno moja, na puto likishachorwa dogo utalazimika kulikata neno katikati au kupunguza herufi. Kwenye turubai yenye upana wa pikseli 1080, herufi zikishuka chini ya pikseli 30 hivi kwa urefu, mwenye simu ya kioo kidogo anakisia tu.

Na wachoraji wengi wa mikoani hawana tableti ya kuchorea. Wanachora kwa kidole kwenye simu, mara nyingi kwa programu ya Ibis Paint X. Turubai ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, na kila leya (tabaka la mchoro) inakula karibu megabaiti 35 za kumbukumbu. Leya 15 zinapita megabaiti 500. Simu ya RAM ya GB 3 hapo inaanza kusuasua, mara programu inajifunga na kazi inaondoka nayo. Ndiyo maana mchoraji anaunganisha leya mapema. Akishaunganisha, puto, rangi na mstari vimekuwa kitu kimoja, akitaka kubadilisha neno moja anachora upya kipande kizima. Halafu wewe unakuja na kipande cheupe, unaziba maneno yake, unabandika ya kwako kwa fonti ya mwaliko wa harusi!

Sasa uharibifu wenyewe. Kuna katuni moja imezunguka sana magrupuni. Kipande cha kwanza, kijana ana kidhibiti cha gemu mkononi, kwenye skrini jitu la mwisho limebakiza uhai kiduchu. Cha pili, kijana amesimama juu ya kochi, jasho linamtoka, anasema "sasa hivi unakufa". Cha tatu ni cheusi tupu. Cha nne nacho giza, ila kuna puto la mama kutoka chumbani: "Hilo jitu linalotaka kuitawala dunia, hata LUKU halinunui?"

Admini fulani kaona kipande cheusi, kadhani picha haijafunguka, kakifuta. Kabakiza vitatu, kavipanga kwenye mraba, kajaza pengo kwa nembo yake. Mzee, hicho cheusi ndicho kichekesho! Ndicho muda ambao LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha, umeme unakatika na kila mtu ndani ya nyumba anatulia. Kwenye muvi kimya unakipima kwa sekunde, kwenye katuni unakipima kwa nafasi. Ukikitoa, mama anajibu kabla umeme haujakatika. Halafu chini watu wanakomenti "sijaelewa" na wewe unajibu emoji ya kucheka.

Wapo pia wanaochukua kipande cha mwisho peke yake kwa sababu ndicho chenye maneno. Wapo wanaogeuza picha kushoto-kulia ili nakala isitambulike, matokeo yake kila mtu anakula kwa mkono wa kushoto na bajaji zinapita upande wa kulia wa barabara. Hawa hata kuwatukana ni kupoteza bando.

Tuje kwenye ubora. Skrinishoti inabeba pikseli za kioo chako, haibebi za faili. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida, upande mrefu unashushwa hadi karibu pikseli 1600, kisha inabanwa JPEG. Katuni ya kusoma kwa kuteremka, tuseme upana 800 na urefu 6400, ikishushwa mpaka urefu 1600 upana unabaki 200. Pikseli mia mbili! Hapo hata uvute kwa vidole viwili husomi kitu. JPEG nayo inatupa taarifa za rangi kabla ya zile za mwanga, ndiyo maana maneno mekundu juu ya bluu yanachafuka kwanza, na mistari myeusi inaota uchafu pembeni. Kila anayechukua, akakata na kuhifadhi upya anaongeza uchafu mwingine. Ikifika grupu la tano, mchoraji anaonekana hajui kuchora.

Suluhisho ni dogo mno: tuma kiungo cha ukurasa wa mchoraji. Kama lazima iwe faili, tuma kama dokumenti, hapo inafika ilivyo. Usikate. Usizibe. Taja jina kwenye maelezo, na uliweke mwanzoni, lisizikwe chini ya alama za reli ishirini.

Na nyie wachoraji wenzangu, acheni kuweka sahihi kona ya chini kulia, hapo ndipo mkasi unapoanzia. Isukeni ndani ya mchoro: iwe namba ya bajaji, bango la duka, maandishi ya fulana ya mhusika, na isiwe kwenye kipande kimoja tu. Masoud Kipanya anamchora panya wake mle mle ndani ya tukio, na panya anatia neno. Ukimkata umeikata na katuni. Kuandika jina kwenye taarifa za ndani za faili hakusaidii, WhatsApp inazifuta. Faili kuu lenye leya litunzeni, hata kama mmeunganisha wekeni nakala ya penseli. Ubishi ukitokea, mwenye rasimu ndiye mwenye katuni.

Povu limeisha, karibuni.

---

Bwana Fowadi

Mkuu punguza munkari. Kazi ikisambaa si ndiyo tangazo lenyewe, tena la bure? Halafu tuwe wakweli, nyie mnachora Goku na Luffy wa kwenye anime wanakula chipsi mayai Majengo. Wajapani mliwaomba lini? Mwizi anamlilia mwizi.

---

Kalamu Nyeusi

Tangazo lisilo na jina ni tangazo la nani? Anayecheka anaufuata ukurasa wako, mwenye duka anayetaka katuni ya bidhaa zake anakupigia wewe, na wewe hujui hata kushika penseli.

Hoja ya Wajapani ni ya haki, siikwepi. Kule Tokyo kuna soko la Comiket tangu 1975, watu wanauza vijitabu walivyochora wenyewe wakitumia wahusika wa wengine, na wachapishaji wengi wanafumba macho. Kufumba macho si ruhusa, wakiamua kufumbua wanafumbua. Ila tofauti ipo: anayemchora Luffy upya kwa mkono wake, akamweka kwenye foleni ya maji na kichekesho cha kwake, ameleta kitu. Anayechukua picha rasmi ya Luffy kutoka mtandaoni akaichapa kwenye fulana na kuiuza Sabasaba hajaleta kitu, awe mchoraji au asiwe mchoraji, na simtetei.

Na msiniambie ughaibuni mambo ni bure. Randall Munroe wa katuni ya mtandaoni ya xkcd, anachora vijitu vya mistari tangu 2005, kazi zake ameziweka chini ya leseni inayoruhusu kunakili na kusambaza. Masharti mawili: taja jina, usifanyie biashara. Mwenye mkono mpana kuliko wote naye anataka jina lake.

---

Mzee wa Stesheni

Naendesha duka la uchapaji. Naona tumetajwa kwa mafumbo, ngoja niseme na upande wetu, maana lawama zinatuangukia.

Mteja anakuja na picha ya WhatsApp anataka bango la mita 2. Pikseli 1600 kwenye mita 2 ni nukta 20 kwa inchi, yaani utaona vimraba ukiwa ng'ambo ya barabara. Bango la kutazamwa kwa mbali linavumilia nukta 100, hiyo ni karibu pikseli 7,900 kwa upana. Fulana na A4 tunataka 300. Picha ya upana wa pikseli 800 ukiijaza kwenye A4 unapata nukta 97. Msije kusema mashine yangu mbovu.

Rangi: simu inaonyesha kwa mwanga, mashine inachapa kwa wino wa rangi nne. Kijani kile cha kung'aa cha nguvu za wahusika wa anime hakipo kwenye wino, kitatoka kimefifia. Na bluu iliyokolea inaweza kutoka kama zambarau. Geuzeni rangi mapema muone, msisubiri mje kunigombeza kaunta.

Kosa ambalo hata wachoraji wazuri wanalifanya ni maneno meusi yaliyochanganywa rangi nne. Karatasi ikihama kidogo tu, herufi zinatoka na kivuli chekundu au bluu pembeni. Maneno na mistari iwe wino mweusi peke yake, asilimia 100. Weusi mpana ndio uchanganye, maana mweusi peke yake kwenye eneo kubwa unatoka kama kijivu. Kile kipande cheusi cha LUKU, kwa mfano, ukikileta hivi hivi kitatoka kama jioni, hakitakuwa giza.

Acheni milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu, na sahihi isikae karibu na ukingo. Mara nyingine anayekata jina lako ni mashine ya kukatia, hana hata nia mbaya.

---

Binti Makole

Mzee shikamoo, somo zuri. Mleta mada, mtu akishaibiwa afanye nini? Nasikia lazima uwe umesajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndipo uwe na haki. Ni kweli?

---

Kifungu kwa Kifungu

Dada, hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inaanza pale kazi inapoundwa, na inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo hauruhusu haki ifungwe kwenye usajili. Kusajili kunakupa ushahidi, tena ushahidi mzuri, hivyo kama kazi unaitegemea kwa kipato usajili. Haki ya kutajwa kama mtunzi nayo imo humo, kwa hiyo kukata sahihi ni kosa linalojitegemea, hata kama admini hakuingiza senti.

Jambo moja wengi hawalipendi: sheria hailindi wazo. Kichekesho cha LUKU kukata katikati ya gemu, mwingine akikichora upya kwa wahusika wake na maneno yake, huna kesi. Unayo kesi kwa mchoro wako na maneno yako.

Kwa Instagram na Facebook, tumia fomu yao ya malalamiko ya hakimiliki, usibonyeze tu "ripoti". Unaweka kiungo cha chapisho lako la kwanza, kiungo cha nakala, na maelezo mafupi. Lazima ijazwe na mwenye kazi au mwakilishi wake. Mashabiki hamsini wakiripoti kwa niaba yako, ripoti zao hazihesabiwi. Jina na barua pepe unayojaza vinaweza kumfikia uliyemshtaki, kwa hiyo tumia anwani ya kazi. Kabla ya yote piga skrinishoti ya nakala ikiwa na jina la ukurasa na tarehe, maana wakishtuka wanafuta. Ukurasa unaorudia rudia makosa hufungwa.

WhatsApp ni kazi ngumu zaidi. Pale malizaneni na admini.

---

Bwana Fowadi

Haya, nimefuta mbili. Ile ya LUKU nimewekewa na mtu mwingine, sahihi haipo. Mwenyewe ni nani nimtaje?

---

Kalamu Nyeusi

Fanya utafutaji wa picha wa Google, anza na nakala kubwa kuliko zote, usianze na iliyo safi. Kubwa ndiyo inayoelekea kuwa karibu na chanzo. Zile safi nyingine zimesafishwa kwa programu za kunoa picha, zinatambulika kwa mistari iliyolainika na vidole vilivyoungana. Ukishafika kwenye ukurasa angalia kama mwenye ukurasa ana katuni nyingine za mkono huo huo. Asipokuwa nazo, bado hujafika. Tazama pia ukuta wa sebule kwenye kipande cha kwanza, kuna kalenda. Kama hujaipunguza sana jina linasomeka.

---

Mzee wa Stesheni

Na atakayeleta kuchapa, PDF tafadhali, maneno yageuzwe kuwa maumbo maana fonti zenu mimi sina. Flashi ichekiwe virusi kabla ya kuingia dukani.