Rachel Whiteread alimiminaje chumba kizima?

KijanaWaPlasta: Wakuu, kazi ya 1990 ya huyu mchongaji wa Uingereza, Ghost, ni nafasi ya ndani ya chumba iliyogeuzwa kuwa plasta. Mbona haikunata ukutani? Na House, ile nyumba nzima aliyoimimina kwa zege, je?

Fundi Kalibu: Inanata, tena vibaya, usipopaka kitenganishi, yaani kitu cha kuzuia plasta isishike ukuta. Sabuni laini inafaa. Paka, futa, rudia mara tatu. Rangi iliyobanduka ikwangue kwanza, la sivyo inang'oka na plasta. Halafu hakumimina kwa mkupuo mmoja: ni vipande vingi, baadaye vikafungwa kwenye fremu ya chuma. Kipande kikubwa mno hupasuka kwa uzito wake. Tia nyuzi za katani ndani.

mama_zege: Ongeza hili. Kila kilichotokeza huwa shimo: swichi ya taa huacha kishimo. Masizi ya mekoni yalihamia kwenye plasta, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Mianya inayopanuka kwa ndani izibe kwa udongo wa mfinyanzi. Hapo ndipo plasta hung'ang'ania isitoke.

Fundi Kalibu: House, 1993, Grove Road, London mashariki: nyumba yenyewe ndiyo kalibu, yaani umbo la kumiminia. Msingi mpya, wavu wa chuma, zege likapuliziwa kwa ndani, kisha matofali yakabomolewa. Ukiharakisha kabla zege halijakomaa, kona zinameguka. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza. Januari 1994 House ikavunjwa. Uharibifu mtupu!