Diploma ya uuguzi kwa masafa: mwajiri anaitambua au tunajichosha?

#1 MuuguziWaKisiwani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi ngazi ya cheti, mwaka wa 9 huu nipo zahanati, kisiwa kimoja Ziwa Victoria. Nataka kusoma diploma kwa njia ya masafa: moduli unasoma ukiwa kazini, unaitwa chuoni wiki chache, mazoezi unafanyia hospitali ya wilaya. Kabla sijatoa ada naomba kujua mawili. Baraza la Uuguzi wananisajili sawa na aliyekaa bweni? Na mwajiri ananibadilishia kada, au nitaongeza tu karatasi kabatini? Kuna mwenzangu kisiwa cha jirani kamaliza mwaka wa tatu sasa, bado anasubiri. Wenye uzoefu mnijuze. Matusi siyahitaji, ya hapa kituoni yananitosha.

#2 NgoshaMtoroMto
Kisiwa gani mkuu? Sangara huko kilo shilingi ngapi?

#3 KalamuNyekundu
Nitasema ukweli hata kama unauma. Uuguzi si somo la kukariri. Mtu wa moduli atajifunzia wapi kuweka katheta, ule mrija wa mkojo, kwenye WhatsApp? Serikali iliwahi kuondoa watu elfu kumi mwaka 2017, wengi ni hawa hawa wa kusomea mezani kwao. Halafu wakimaliza wanataka waitwe madokta.

#4 MkungaMstaafu
Kalamu, nani kakwambia wauguzi wanataka kuitwa dokta? Nimefanya kazi miaka 34, wodi ya wazazi peke yake 20. Wananchi ndio wanaotuita. Ukivaa nguo nyeupe kijijini wewe ni dokta, hata mlinzi akiazima koti ni dokta. Usituletee kiburi ambacho si chetu.

#5 MuuguziWaKisiwani
Shikamoo mama Mkunga, nashukuru.
Kalamu, ndugu yangu, umenigusa kwenye katheta. Mwaka juzi saa nane usiku mzee aliletwa kwa mtumbwi, mkojo umeziba siku mbili, tumbo limejaa kama ngoma, analia kama mtoto. Hospitali iko ng'ambo na ziwa limechafuka. Taa ya sola ilishazima. Mwanawe alishika simu yenye tochi, mkono ukawa unatetemeka mpaka nikamwambia aegemeze kiwiko kitandani. Ya kwanza haikupita. Nikabadilisha saizi, nikaongeza jeli, nikasubiri mzee alegee, ikapita. Kukicha mzee aliomba uji. Sasa wewe uniambie nikajifunze katheta bwenini.

#6 KalamuNyekundu
Hadithi nzuri, hongera. Lakini umejijibu mwenyewe: kama unajua kila kitu, diploma unaitafutia nini? Sema unatafuta mshahara, tukuelewe.

#7 BintiWaMpwapwa
Kwani kutafuta mshahara ni dhambi? Wewe Kalamu unafanya kazi kwa sadaka?

#8 AfisaUtumishiMchovu
Naona mnapiga kelele nje ya nyumba. Nipo ofisi ya utumishi halmashauri moja, sitaitaja. Mleta mada, milango ni miwili.

Wa kwanza ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalofanya kazi kwa Sheria ya 2010. Angalia chuo kina ithibati ya NACTVET, wasimamizi wa vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe inatambuliwa na Baraza. Usiishie kwenye bango la chuo, ulizia Baraza lenyewe. Ukifaulu, ukasajiliwa kwa ngazi mpya na ukapata leseni, wewe ni muuguzi wa diploma. Hakuna atakayekuuliza ulilala bweni au ulilala kwako.

Wa pili ni mwajiri, na huu ndio unaoliza watu. Ili ubadilishiwe kada, kwanza uwe ulikwenda masomoni kwa barua ya ruhusa. Pili, nafasi iwepo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Tatu, fedha iwe imetengwa kwenye bajeti ya mishahara, kisha kibali kitoke Utumishi. Mtu ananiletea cheti mwezi wa kumi, bajeti ilishapita tangu mwezi wa saba, nikimwambia tukuweke ya mwakani anadhani nataka chai. Huyo mwenzako wa kisiwa cha jirani nahisi kakwama hapo, si kwenye masafa. Wa bweni nao wapo kwenye foleni hiyo hiyo.

Na kuna jambo hamliulizi kabisa. Ukibadilishiwa kada unaanzia chini ya kada mpya. Kama ulishapanda madaraja na mshahara wako wa zamani unazidi wa cheo kipya, unabaki nao kama mshahara binafsi mpaka cheo kipya kiufikie. Nimekaa na mama mmoja wa miaka 14 kazini, ameshika barua yake ya Afisa Muuguzi Msaidizi, analia. Alitegemea nyongeza, akakuta cheo kimebadilika na noti ni zile zile.

Kwa ambaye hajaajiriwa hesabu ni nyepesi. Tangazo linataka stashahada na leseni hai, unaomba kama wengine.

#9 NgoshaMtoroMto
Utumishi, "chai" umeitaja mwenyewe, sisi tulikuwa kimya 😂

#10 MwanaTakwimu
Narudi kwa Kalamu, maana uongo ukiachwa unaota mizizi. Walioondolewa 2017 walikuwa 9,932, ripoti alikabidhiwa Rais Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dodoma mwezi wa nne. Uhakiki ulikuwa wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, walihakiki NECTA, Baraza la Mitihani. Haukuhusu masafa hata chembe. Mtu alikuwa anatumia cheti cha binamu yake cha form four. Angekaa bweni miaka mitano bado angeondoka.

#11 KalamuNyekundu
9,932 na elfu kumi tofauti yake nini? Mnabishana kwa 68.

#12 MwanaTakwimu
Sibishanii 68, nabishania ulichosema kuhusu masafa. Umeruka.

#13 DaktariHalisi
Tusikwepe lile la dokta. Mimi nimesoma udaktari miaka mitano na utarajali mwaka mzima. Kuna kituo nilipangiwa, wagonjwa wakaniruka wakaenda kwa muuguzi kwa sababu ndiye "dokta" wanayemjua. Na yeye hakuwarekebisha. Ni jambo dogo kwenu, kwetu ni usalama wa mgonjwa.

#14 MkungaMstaafu
Mwanangu, walikwenda kwake kwa sababu alikuwepo kabla yako na atakuwepo ukishahamia mjini. Hilo la jina ni la juu juu. Ulikaa miezi mingapi hapo?

#15 DaktariHalisi
Mama, kwa heshima, muda niliokaa hauhusiani.

#16 MkungaMstaafu
Haya. Hujataja muda, nami nimeelewa.

#17 Wanjiku_wa_Thika
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku jambo hili tulilianza 2005. Shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo ya kompyuta ya kuwatoa wauguzi wa cheti kwenda diploma. Walengwa walikuwa zaidi ya 20,000, na vyuo vya bweni visingewamaliza hata kwa miongo kadhaa. Mamangu ni mmoja wao. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, anakwenda kituo cha kompyuta kwenye hospitali ya kaunti, analala kichwa kwenye kibodi, anaamka na herufi zimechapika shavuni. Alifanya mitihani ya Baraza kama wengine wote na akasajiliwa. Hakuna siku mgonjwa alimwuliza alisomea wapi.

#18 KalamuNyekundu
Kenya ndio wa kutufundisha uuguzi? Nyinyi mwaka 2017 si mligoma miezi mitano, wagonjwa wakabaki na ndugu zao wodini?

#19 Wanjiku_wa_Thika
Tuligoma, ndio. Na nyinyi ambao hamgomi, mshahara umepanda? Jibu hilo kwanza, kisha tuongee mambo ya masafa.

#20 BintiWaMpwapwa
😂😂 Dada umempiga.

#21 MzeeWaMinnesota
Nipo Marekani mwaka wa 19, nilianzia kufua mashuka nyumba ya wazee, sasa ni muuguzi. Hata huku vita hii ipo. Kuna chuo cha New York kinaitwa Excelsior, kilijenga jina kwa kuwasomesha kwa masafa watu ambao tayari wako kwenye afya, wauguzi wa ngazi ya chini na watu wa magari ya wagonjwa. Ulikuwa unafanya mtihani wa vitendo hospitalini, halafu NCLEX, mtihani wa leseni wa taifa, kama mwingine yeyote. Majimbo mengi yalikubali, mengine yakataka saa za ziada. California ikasema walioandikishwa baada ya Desemba 2003 haiwataki. Nina rafiki, Mkenya, alihamia huko akafuata mume, leseni yake ikawa haina kazi. Ndoa ikaishi kwa simu miaka miwili.
Kwa hiyo mleta mada, uliza utakwenda kufanya kazi wapi, ndipo uulize chuo. Hata hapo nyumbani, Zanzibar wana baraza lao na Bara lao.

#22 MwanaTakwimu
Hapo mzee umenena. Na mimi nasema mtihani wa leseni ndio uwe mwamuzi. Ukifaulu, mambo ya bweni au meza ya nyumbani yaishe. Tusigombanie njia.

#23 MzeeWaMinnesota
Kijana, nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo. Januari 2023 huku walikamata mtandao wa Florida uliokuwa unauza stashahada za uuguzi, karibu 7,600. Hawakusoma kwa masafa, hawakusoma bweni, hawakusoma popote, walilipa tu. Na zaidi ya elfu mbili walifaulu NCLEX. Wakawa kazini. Mtihani una nafasi yake, lakini hauoni mkono wa mtu. Lazima kuwe na aliyesimama pembeni akatazama unafanya, akasaini jina lake.

#24 KalamuNyekundu
Si ndicho nilichosema tangu mwanzo???

#25 BintiWaMpwapwa
Hapana, wewe ulisema WhatsApp.

#26 MwalimuWaVitendo
Nisimamie hilo la kusaini, maana ndio kazi yangu. Wanafunzi wa masafa wanakuja kwetu na daftari lao la vitendo, kila kipengele kina mstari wa sahihi. Kuzalisha, kujaza patografu (chati ya mwenendo wa uchungu), kutundika damu, kumfufua mtoto asiyelia. Shida yangu nao si mikono, wengi wana mikono kunizidi. Shida ni mazoea. Mtu amezalisha miaka kumi bila patografu, anaijaza mtoto akishatoka, mistari yote imenyooka kwa rula. Nikimwambia rudia ananitazama kama mtoto wake. Wa bweni hana mazoea lakini anaogopa mgonjwa. Ukinilazimisha kuchagua wa kukaa na binti yangu leba, nitachagua wa masafa, ila nitamwekea saa mbele ya macho.
Upande wa pili, wapo wanaoniletea daftari limeshasainiwa lote na hospitali ambayo hawajawahi kukanyaga. Hao ndio wanaowachafua wenzao, na ukiwakataa unapigiwa simu na wakubwa.

#27 DaktariHalisi
Mwalimu, hapo kwenye patografu nakupigia saluti. Nimepokea rufaa mama kafika na patografu ya kupendeza kabisa, na mtoto ameshafia tumboni saa kadhaa nyuma.

#28 MkungaMstaafu
Na aliyeileta hiyo rufaa alikuwa peke yake usiku na akina mama watatu, hilo hukuandika. Patografu unatakiwa kuijaza kila nusu saa. Akina mama watatu, mkunga mmoja. Fanya hesabu, dokta.

#29 NgoshaMtoroMto
Mama kamwita dokta 😂 basi mjadala umekwisha.

#30 MwananchiWaKawaida
Chuo Huria alianzisha Mwalimu Nyerere ili watu wasome wakiwa kazini. Mbona wanasheria wa pale hamuwasemi?

#31 MwanaTakwimu
Nyerere alikuwa ameshang'atuka. Sheria ya Chuo Huria ni ya 1992, wakati wa Mzee Mwinyi, wanafunzi wakaanza 1994. Na hapa tunaongelea diploma ya uuguzi, mambo ya NACTVET na Baraza, siyo Chuo Huria.

#32 MwananchiWaKawaida
Bora umekiri hoja yangu.

#33 MuuguziWaKisiwani
Jamani nilikuwa kazini, nimezalisha wawili. Namshukuru Afisa Utumishi, ndiye pekee aliyejibu nilichouliza. Hilo la mshahara binafsi sikulijua. Nimepiga hesabu na mke wangu hapa: nimepanda daraja mara moja tu, kwa hiyo huenda nisiumie sana. Barua ya ruhusa niliandika tangu mwezi wa tatu. Leo nimepiga simu wilayani, wanasema haionekani, niandike nyingine. Boti inaondoka Jumatatu alfajiri, nitaipeleka mwenyewe.

#34 AfisaUtumishiMchovu
Peleka nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Usimwachie mtu wa getini. Na usianze darasa kabla hujajibiwa.

#35 DaktariHalisi
Kila la heri mleta mada. Ila wagonjwa uwaambie wewe ni muuguzi.

#36 MuuguziWaKisiwani
Nawaambia kila siku. Wananijibu, "sawa dokta."

#37 KalamuNyekundu
Afisa Utumishi, samahani kidogo. Mtu aliyeanza masomo ya masafa bila hiyo barua ya ruhusa, inaweza kurekebishwa baadaye? Namuulizia shemeji yangu.

#38 AfisaUtumishiMchovu
Ameanza lini, na yuko muhula wa ngapi?