Birika linavuja tena kwenye mdomo: nilizibe kwa kitu gani?

Mwana wa Makorora (mwanzisha uzi), Ijumaa, saa 3:05 usiku

Wanajukwaa, habari za jioni. Nina birika la nyumbani ambalo limeanza kuvuja tena pale mdomo unapoungana na tumbo, na maji yanadondokea jikoni hadi makaa yanafuka na kuzimika upande mmoja. Halivuji sana, ukilijaza asubuhi na kulitua mezani, kufikia adhuhuri kitambaa kilicho chini yake kinakuwa kimelowa kiasi cha kukamulika. Sitaki kununua jingine. Naomba anayejua aniambie ni kitu gani cha kuzibia kinachostahimili moto, na kama ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, inaweza kufaa. Ninahitaji liwe limepona kabla ya Jumanne. Ahsanteni.

Shangazi Mpishi, saa 3:21 usiku

Mwanangu, birika linalovuja halina dawa isipokuwa dukani. La alumini la lita tatu halifiki bei ya kuku wawili, na wewe unataka kuligandisha kwa gundi ya magari kisha uwape watu chai! Marehemu bibi yangu alikuwa na chungu kilichokuwa kikitoka jasho, akakipikia uji mzito wa muhogo siku mbili mfululizo hadi vitundu vikajiziba, na chungu kile nilikiacha kikiwa kizima siku niliyoolewa. Lakini chungu ni udongo; usije ukapika uji ndani ya birika ukasema kuwa mimi ndiye niliyekufundisha.

Kaka Soketi, saa 3:30 usiku

Kabla ya yote, chomoa waya. Birika la umeme la wati 2,000 likivuja, maji hushukia kwenye kitako ambamo umeme unapitia, na hapo hakuna mzaha. Langu lilianza hivyo hivyo, kwenye kile kidirisha kinachoonyesha kiwango cha maji, nikalipuuza kwa wiki nzima hadi siku liliponipiga mkono ukafa ganzi kwa nusu saa. Nililipeleka kwa fundi, fundi akanicheka, nikanunua jingine. Nakushauri uruke hatua ya kuchekwa.

Mwana wa Makorora, saa 3:44 usiku

Kaka, nimeandika kwamba maji yanadondokea makaa. Birika langu halina waya. Shangazi, shikamoo, na nashukuru, ila kununua jingine hakuwezekani kwa sababu ambazo ni za kifamilia na hazihusiani na uvujaji. Swali langu ni moja tu: gundi, au risasi ya kuyeyushwa?

Fundi Mstaafu, saa 4:02 usiku

Nimeshika mkasi wa bati na chuma cha kulehemia kwa miaka 31, kwa hiyo niruhusu niulize kabla sijajibu. Gundi iweke kando: nyingi za aina hiyo hulainika kwa joto la maji yanayochemka, na juu ya makaa ndimi za moto zitaifikia moja kwa moja. Sasa niambie birika ni la madini gani, kwa maana alumini ina ngozi nyembamba inayojirudisha kila unapoikwangua, na ngozi hiyo huikataa lehemu ya kawaida, ilhali shaba huipokea bila ugomvi. Pili, umeandika kuwa linavuja "tena". Nani aliliziba mara ya kwanza, na kwa kitu gani? Tatu, Jumanne kuna nini?

Mchovya Mkate, saa 4:06 usiku

Jumanne mama mkwe anarudi. Nimeoa, naijua sauti hiyo.

Mwana wa Makorora, saa 4:19 usiku

Mchovya Mkate, sijui umejuaje, lakini ni kweli. Birika ni la mama mkwe wangu, la shaba nyekundu, na ndani limepakwa bati. Yeye amekwenda Pemba kwenye harusi na atarudi Jumanne. Alilirithi kwa mama yake, na kila alasiri hulisugua kwa ndimu na majivu mpaka unaweza kuona meno yako ndani yake. Ndiyo sababu sizungumzii kununua jingine. Hilo neno "tena" ni namna yangu ya kusema tu.

Mja Mwema, saa 4:31 usiku

Ndugu yangu, kabla ya kuliziba birika ziba kwanza pengo la amana. Je, mkeo anajua? Mwambie mama mkwe kwa simu usiku huu, maana kosa linaloungamwa mapema huwa na uzito wa unyoya. Mimi niliwahi kuvunja saa ya ukutani ya baba mkwe, nikaificha kabatini miezi mitano, na kila alipouliza saa ngapi moyo wangu ulikuwa ukigonga badala ya saa.

Fundi Mstaafu, saa 4:40 usiku

Mzee wa saa, tumekusikia. Wewe mwenye birika, "tena" si namna ya kusema. Chukua tochi, umulike ndani pale kwenye kiungo. Ukiona utando mweupe, mwembamba, unaong'aa na kuambaa na ukuta wa birika, hilo ni bati la asili. Ukiona bonge la kijivu, likwangue kwa ncha ya msumari, kisha lichore kwenye karatasi nyeupe. Likiacha mstari kama wa penseli, rudi hapa unijibu swali la pili upya.

Mwana wa Makorora, saa 5:15 usiku

Limeacha mstari.

Basi niseme. Wiki mbili zilizopita nililipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza majiko na ndoo karibu na soko. Aliyeyusha vipande vya risasi vilivyotoka kwenye betri kuukuu ya gari, akavimimina kwa ndani, akanitoza shilingi 6,000. Tumelitumia tangu siku hiyo kwa chai ya asubuhi na mkandaa (chai isiyo na maziwa) wa jioni, na maji ya uji wa mtoto, mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne, hutoka humo humo. Juzi likaanza kudondoka tena. Fundi amekwisha kupokea 4,000 za awali ili kesho saa 3 asubuhi aongeze risasi nene zaidi, naye ni mtu wa heshima, aliyefundishwa kazi na babu yake. Isitoshe, maji yanachemka, na kuchemka huua kila kitu. Kwa hiyo naomba tusikuze jambo; nilitaka kujua tu kama safari hii risasi itashika.

Jirani wa Mikindani, saa 5:22 usiku

Kuchemsha huua vijidudu. Risasi haina uhai wa kuuawa. Mimi ninatoka Mombasa, mwendo mfupi kutoka Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwaachia watu risasi katika udongo na damu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shauri la wakazi hao lilipanda hadi Mahakama ya Juu. Unaposema "tusikuze jambo", nakumbuka kwamba nao waliambiwa hivyo.

Fundi Mstaafu, saa 5:37 usiku

Sasa nakujibu, na kwanza namjibu mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka katika chakula na kinywaji hicho hicho. Risasi hiyo inakaa ndani, inagusana na maji ya moto kila siku, na ikiwa mkandaa wenu mnautilia ndimu humo humo, asidi ya ndimu inaikokota zaidi. Birika hilo lisiguse jiko tena leo wala kesho. Mtoto apelekwe hospitali, na mweleze daktari kama ulivyotueleza sisi saa 5:15, si kama ulivyotueleza saa 3:05, kisha umwombe kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha risasi.

Pili, fundi wako. Risasi tupu haishikani na shaba. Inayoshikana na shaba ni bati, ndiyo maana lehemu huwa ni mchanganyiko. Alichokutengenezea ni kizibo kilichokaa mahali pake kwa kuwa hakikuwa na pa kwenda.

Mpenda Ukweli, saa 5:50 usiku

Nasikitika kuwavurugia usiku, lakini uzi huu umetungwa. Tazameni: kwanza birika halikuwa na jina, baadaye likawa la shaba, baadaye la mama mkwe, baadaye likawa na risasi, na kila Fundi anapouliza, linaongezeka sura. Zaidi ya hayo, risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na hata ile ya betri, iliyochanganywa na antimoni, haiyeyuki karibu na 100. Kizibo kigumu kilichomiminwa kwenye tundu, kikaguswa na maji yasiyozidi 100, kingefunguka vipi ndani ya wiki mbili? Mwandishi huyu anatafuta wasomaji, nasi tunamchangia kuni.

Mchovya Mkate, saa 5:54 usiku

Mimi nilikuwa nimekwisha kumwonea huruma mama mkwe. Ikiwa hayupo, nirudishiwe huruma yangu.

Mwana wa Makorora, saa 6:01 usiku

Ningekuwa natunga, ningejitungia mama mkwe mpole. Sijui kilichofungua kizibo. Nimeeleza yote.

Fundi Mstaafu, saa 6:10 usiku

Hesabu ya Mpenda Ukweli ni sahihi, ila ina sharti moja ambalo hakulitaja. Chombo chenye maji hakipandi sana juu ya 100 kwa sababu maji yanabeba joto na kuondoka nalo kama mvuke. Maji yakiisha, hakuna wa kulibeba. Makaa yanayopepewa huivuka 327 bila kutokwa na jasho, na hata lile bati la asili, linaloyeyuka kwa 232, huanza kujikusanya matone matone. Basi ndugu, usitueleze. Litikise birika karibu na sikio.

Mwana wa Makorora, saa 6:18 usiku

Kuna kitu kinachogonga.

Nimelipindua juu ya kiganja kikatoka kwa mdomo: punje ya kijivu, ya mviringo, ukubwa wa mtama, nzito kuliko inavyoonekana. Ndani, upande wa chini, weupe umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Ni kweli kwamba juzi nililisahau jikoni bila maji nilipokuwa nikitazama mpira. Na ni kweli, ili nisiulizwe, kwamba hivyo ndivyo lilivyoanza kuvuja mara ya kwanza.

Mpenda Ukweli, saa 6:25 usiku

Nimeondoa tuhuma. Hakuna mtunzi ambaye angejisingizia mpira mara mbili.

Fundi Mstaafu, saa 6:33 usiku

Sasa tunaweza kulitengeneza, kwa maana tunajua linaumwa nini. Usimtafute fundi bati. Mtafute fundi friji. Huyo kila siku anaunga mabomba ya shaba kwa vijiti vya shaba na fosforasi, ambavyo haviyeyuki mpaka nyuzi 640 na zaidi, wala juu ya shaba nyekundu havihitaji dawa ya kusafishia. Akitaka kutumia vijiti vya fedha, muulize kama vina kadimi, madini yenye sumu, na kama hajui, avirudishe mfukoni. Lakini kabla hajawasha moto ni lazima mdomo ung'olewe wote na kingo za pande mbili zipigwe tupa mpaka shaba nyekundu tupu ionekane, kwa sababu risasi iliyobaki huharibu kiungo na kutoa moshi wa sumu. Kazi hiyo ifanyiwe nje, mtoto akiwa mbali, na vumbi la tupa lipanguswe kwa kitambaa chenye maji ambacho hakitafuliwa tena.

Baada ya hapo litakuwa halivuji, lakini halitakuwa limepona. Bati la ndani limekwisha kuharibika, na moto wa kuungia utalimaliza; ni lazima likwanguliwe na kupakwa upya lote kwa bati safi, na umuone fundi akilifungua kutoka kwenye kifungashio. Kazi hizo mbili hazimaliziki kabla ya Jumanne. Nikikuambia zinamalizika nitakuwa namwiga yule mtu wa heshima.

Mwana wa Makorora, Jumamosi, saa 4:40 asubuhi

Nimekwenda kwa kijana saa 2, kabla hajafungua. Amekataa kurudisha 4,000, akasema amekwisha kununua betri. Niliionyesha ile punje, akaniomba nimwachie kwa kuwa bado inafaa. Nimekataa, nimeifunga kwenye karatasi, nitakwenda nayo kwa daktari. Hospitali wamesema kipimo chenyewe hakifanyiki hapo, ila Jumatatu watachukua damu na kuipeleka kunakofanyika. Mke wangu sasa anajua, na mazungumzo hayo sitayaleta hapa. Fundi friji ameliona birika, amelipenda, amesema atamaliza Alhamisi, na wa kupaka bati bado ninamtafuta.

Mama mkwe amepiga simu asubuhi hii. Harusi imekwisha mapema na anarudi kesho.

Shangazi Mpishi, saa 4:52 asubuhi

Uwiii. Na chai yake ya kesho utaipikia kwenye nini?

Mwana wa Makorora, saa 4:53 asubuhi

Sufuria.