MREJESHO: Mwendesha baiskeli niliyekuwa nashindwa kukimbia

Wakuu habari, naleta mrejesho. Kwa waliosahau, niliuliza inakuaje mtu napiga baiskeli Moshi mpaka Himo na kurudi freshi tu, ila nikikimbia kilomita nne vigimbi vinakaza na magoti yanalalamika wakati pumzi bado ninayo kibao.

Mlioniambia pumzi imetangulia miguu mlikuwa sahihi kabisa. Baiskeli inabeba uzito wako, kukimbia kila hatua unatua nao, kwahiyo moyo unataka kwenda ila misuli na mishipa ya kisigino haijazoea kugongwa. Nikaanza ule mtindo wa kukimbia kidogo natembea kidogo, mwendo wa kuweza kupiga stori, aisee mwanzoni ni aibu, wamama wa sokoni wananipita na ndoo kichwani.

Kilichonisaidia zaidi ni hatua fupi za harakaharaka, kama vile nazungusha pedeli gia nyepesi. Mapigo ya moyo kwenye saa nayo niliacha kuyalinganisha na ya baiskeli, maana yanakuwa juu zaidi ukikimbia hata kama unajisikia poa.

Sasa hivi kilomita kumi natoboa bila kusimama, na za mwisho ndo nakimbia kasi. Baiskeli sijaacha, ndo mazoezi yangu marefu.

Kimbembe ni mteremko, kwenye baiskeli ndo unapumzika ila huku mapaja yanawaka kesho yake hata ngazi hushuki. Nataka kukimbia nusu marathon ya Kilimanjaro Marathon na ile ni kupanda mlima kuelekea Mweka halafu kushuka, waliokimbia mnashukaje pale?